Analipwa kuunyima maji mtama wa mama yake

Saa moja na robo asubuhi, Bibi Kiu ameinama mbele ya mstari wa kumi na saba, daftari mkononi, penseli kaichomeka kwenye kilemba. Anatazama majani ya mtama moja baada ya jingine. Hagusi kitu. Anaandika namba, anasogea hatua mbili, anainama tena.

"Siku ya kwanza nilidhani wananitania," anasema bila kuinua macho. "Mtu nimelima miaka arobaini, leo naambiwa kaa hapa, utazame mmea unanyauka, uandike."

Jina lake la kuzaliwa siku hizi hulisikia zahanati tu. Kwingine kote ni Bibi Kiu, kwa sababu kazi yake katika shamba hili la majaribio ni kuhakikisha mistari ishirini ya mtama haipati hata tone la maji kwa siku arobaini. Mitano itakayovumilia zaidi itarudishwa kwa wakulima wakapande. Iliyobaki itaachwa. Mstari wa kumi na saba ni mbegu ya marehemu mama yake, na hapa pote aliyekuwa amebaki nayo ni yeye peke yake.

Leo ni siku ya arobaini.

Ana miaka sitini na mitatu, na ukimgusa habari za zamani humtoi hapo. Mwaka wa kawaida, mama yake alivuna magunia kumi na manne kwenye eka mbili. "Ghala lilikuwa halifungiki. Tulilala juu ya magunia, tunasikia panya wanacheza chini, mama anacheka tu. Anasema waacheni, nao wana watoto." Anatabasamu peke yake, kisha anaendelea na kazi.

Baadaye watu wakahamia kwenye mahindi, naye akawafuata. Mtama ukaitwa chakula cha ndege. Halafu mvua zikaanza kuchelewa, mwishowe zikawa haziji kabisa. Mwaka juzi hakuvuna kitu. Mwaka uliofuata, madebe mawili. Mbegu ya mama ilikuwa imebaki konzi mbili kwenye kopo la maziwa, aliyoipanda kidogo kidogo nyuma ya jiko ili isipotee. Watafiti walipopita wakiuliza mbegu za zamani, aliwapa konzi moja, nao wakampa kazi.

Msimu wa kwanza aliuharibu mwenyewe.

"Siku ya ishirini na tano nikaona majani yamejikunja, yamekuwa kama sindano. Nikashindwa. Mama yangu hakuwahi kuniacha na kiu hata siku moja." Jioni tatu mfululizo alibeba maji akaumwagilia mstari wa kumi na saba, huo mmoja tu.

Mtafiti mkuu, binti wa umri wa kitinda mimba wake, alikuja akapiga goti, akafinya udongo. "Mama," akauliza kwa upole, "hivi mvua ilinyesha mstari mmoja?"

"Nikamwambia labda ilikuwa inapita." Bibi Kiu anacheka mpaka anajifuta machozi.

Kicheko kinaisha ghafla. Matokeo ya msimu mzima yalitupwa. Majirani waliokuwa wakiisubiri mbegu wakapanda mahindi tena, yakaungua tena. "Hapo ndipo nilipoumia. Nilimhurumia mama yangu, nikawalaza watoto wa wenzangu na njaa."

Mtafiti anakiri kwamba alikuja na barua ya kumwachisha kazi. "Kabla sijaitoa akaniambia, mwanangu, nyie mnapima saa saba mchana mkaondoka zenu. Hebu rudi jioni." Alirudi, maji yale ya kuibia yakiwa yameshakauka zamani. Mistari mingi ilikuwa bado imejikunja. Wa kumi na saba ulikuwa umefungua majani, mzima kabisa. Marehemu mama alijua hilo zamani: ule mtama haufi, unajifunika shuka mpaka jua lipite.

"Kifaa changu cha kupimia hakikuwa na kosa," anasema mtafiti. "Mimi ndiye niliyekuwa nawahi kwenda nyumbani." Tangu siku ile wanapima mara tatu, na barua ikachanwa.

Lakini mtihani wenyewe ulikuja msimu huu, siku ya thelathini na moja. Mvua ilinyesha. Baada ya wiki kumi na moja za vumbi, watu wakatoka nje na mabeseni, na dada yake akasimama uani akiwa amefumba macho. Bibi Kiu akakimbilia shambani. Kuna paa la nailoni lenye magurudumu, linalosukumwa juu ya reli kufunika mistari yote mvua ikija. Kwa kawaida ni kazi ya wanaume wawili. Siku hiyo alilisukuma peke yake mpaka mtafiti alipofika mbio, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope.

Wanawake wakasimama kwenye uzio. "Jamani, huyu amepatwa na nini? Mungu kaleta maji, yeye anayafukuza."

"Nilikuwa nalia," anasema. "Mvua inanipiga mgongoni, mtama wa mama uko chini hapo, mkavu, na mimi ndiye ninayeufunika. Nikauambia nisamehe, zimebaki siku tisa."

Jioni ya leo, baada ya kipimo cha mwisho, mtafiti anafika na karatasi zake. Wanakaa kwenye benchi, wanajumlisha alama za siku zote, mmoja anasoma, mwingine anaandika. Inachukua karibu saa nzima. Kisha mtafiti anageuza karatasi amwonyeshe: mstari wa kumi na saba ni wa tatu.

Bibi Kiu anapitisha kidole juu ya namba hiyo. "Wa tatu," anasema. "Huyo ni mama yangu kweli. Hakupenda kujionyesha."

Mbegu ikishavunwa, atapanda eka nzima pale pale alipolima mama. Wanawake wa kwenye uzio wameshamwomba mbegu, na amewakubalia wote. Anaulizwa anangojea nini zaidi siku mtama huo utakapokomaa.

"Ule hurefuka kumpita mtu mzima. Nikiwa mdogo nilikuwa najificha humo, mama ananiita, ananitafuta, mimi kimya. Nataka nijifiche tena, japo siku moja."

Na nani atamtafuta?

"Hakuna," anasema, akifunga daftari. "Nitakaa kidogo, halafu nitatoka mwenyewe."