Pepo Aliyetaka Afunguliwe Mlango

Hebu niambieni, nyinyi mnaonisoma na nyinyi mnaosomewa: yawezekana mtu ukae na mwenzako miaka thelathini na ushei, mle sahani moja, msukane nywele, mgombane na mpatane, halafu uje umjue siku ya tatu ya matanga yake? Mimi yamenifika. Shoga yangu amefariki Ijumaa iliyopita hapa hapa Kismayo, baada ya sala ya alfajiri, amekaa juu ya mkeka wake na tasbihi mkononi. Hakuumwa wala hakuaga. Alhamisi alikuwa kwangu, amekula wali wangu mpaka akakomba sahani, kisha akanisema eti nimeupika kama uji wa mgonjwa. Kifo chenyewe kilinishtua, sikatai. Lakini kilichonikalisha kitako ni nilichokisikia tulipokwisha kumzika.

Acha niwaeleze alivyokuwa, maana alikuwa na mambo yake. Yeye ni mtu wa kisiwa cha Chovae, mimi wa mjini, na tulijuana kambini kule Mombasa tulipoikimbia vita. Fundi wa kusuka ukili, mdomo mkali, mkono mwepesi wa kutoa. Ila mlango! Huyu mchu, ndivyo tumwitavyo mtu kwetu, hakufunga mlango maishani mwake. Kambini mbuzi waliingia wakamla unga. Paka akabeba samaki mzima, na yeye amekaa yuwamtazama. Tuliporudi Kismayo akapata chumba chenye mlango mzuri wa chuma. Siku ya pili akamwita fundi aung'oe, akatundika leso. Nikimwambia, "Wewe mwana, kwani ulizaliwa pangoni?" hunijibu, "Na wewe ulizaliwa sandukuni? Joto!" Kusi imevuma, mvua yamwingilia mpaka kitandani, meno yagongana, na bado ni joto tu. Tena ukimpa ufunguo akushikie kidogo, mkono wamfa ganzi hapo hapo, vidole havikunjiki, ufunguo waanguka chini. Yeye mwenyewe hustaajabu, akauangalia mkono wake kama wa mtu mwingine.

Basi sisi wanawake wa kambini tukaona hiyo si bure, ana pepo. Tukamtafutia fundi wa pepo, tukachanga sukari na ubani, ngoma ikapigwa tangu baada ya adhuhuri. Mimi ndiye niliyeshika chetezo. Pepo akapanda. Sauti ikamtoka si yake, sauti ya bibi kizee aliyechoka: "Nifungulieni. Niko ndani. Nifungulieni." Fundi akamuuliza, "Wewe nani? Wataka kilemba? Wataka pete?" Pepo hataki pete. "Nifungulieni, niko ndani." Na mimi na kiherehere changu nikamjibu, "Bibi we, mlango u wazi, kwani huoni? Au kwenu pepo hamna macho?" Wanawake wakaangua kicheko, vigelegele vikapigwa, tukampa halua na kahawa chungu, tukampa na jina kabisa: Pepo wa Mlango. Kila mwaka tukamwandalia chano chake. Kesho yake shoga yangu hakumbuki lolote, ila halua iliyobaki huimaliza yeye. Hadithi hiyo nimeihadithia harusini sijui mara ngapi. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi.

Mjukuu wangu wa kike, anayesoma Mombasa elimu ya nafsi za watu, alikuja likizo iliyopita. Nikamhadithia, nikangoja acheke. Hakucheka. Akaniambia, "Bibi, huyo pepo hakuwahi kuulizwa ni ndani ya nyumba gani?" Nikamwambia pepo haulizwi anwani. Ndipo akanieleza yale wanayofundishwa: kwamba mtu ana chumba ndani ya chumba, na jambo likimzidi nguvu hulitia huko, asijue mwenyewe kwamba amelitia. Na jambo lile halifi. Hutafuta pa kutokea: huja ndotoni, huja kwenye mkono, huja kwenye tabia ambayo watu huiona kichekesho. Nikamkebehi, "Huyo mwalimu wenu ameshika vyetezo vingapi?" Akataka aende kwa shoga yangu, akae naye taratibu, amuulize. Mimi ndiye niliyemzuia. "Mchu mzima haulizwi mambo yake. Una adabu wewe?" Akanitii. Nawaambia ukweli wangu, mimi ndiye niliyemzuia.

Siku ya tatu ya matanga kaka yake akafika kutoka Chovae, mzee mvuvi wa kamba mawe, mtu wa maneno machache. Mwenye matanga ni wa kuliwazwa, nami nikaona nimliwaze kwa ninachokijua, nikamhadithia Pepo wa Mlango. Niliigiza na sauti. "Nifungulieni. Niko ndani." Yule mzee akaweka kikombe chini, akanitazama.

"Nani alikwambia maneno hayo?"

"Ni yule pepo, kaka yangu."

"Hayo ni maneno ya mama."

Akatueleza. Siku wenye bunduki walipotia nanga Chovae, yeye alikuwa baharini. Watu waligombania mashua ya mwisho, na nahodha akakataa mgonjwa wa kulala chini. Mama yao alikuwa hawezi kusimama. Dada yake akamfunika vizuri, akamwekea maji, akafunga mlango kwa ufunguo wasije wale watu wakamdhuru, akasema atarudisha mashua jioni. Jioni ile mashua ilikuwa ishafika mbali. Yeye, kaka, aliporudi jioni hiyo hiyo alikuta kijiji kitupu, mlango umefungwa, na ndani sauti ya mama, ile ile aliyomwita nayo bintiye alipokuwa akiondoka: "Nifungulieni. Niko ndani." Akauvunja kwa nanga. Akambeba mama mgongoni, akampeleka kisiwa cha Fuma kwa jamaa, na mama akaishi huko Ramadhani mbili nzima, anakula, anacheka, anauliza habari za bintiye. Hata siku moja hakumlaumu. Alikuwa akisema, "Mwanangu alinifungia nisiumizwe."

Jamani! Shoga yangu alinihadithia kifo cha mamake mara nyingi, na kila mara kwa maneno yale yale: alifia Kismayo kitandani, akisomewa Yasini, na yeye mwenyewe akimtia maji mdomoni kwa kijiko. Alitaja mpaka kijiko kilikuwa cha rangi gani. Nikamrukia yule mzee, "Ulijua! Ulijua mlango ulivunjwa siku ile ile, na hukumwambia dada yako?" Akasema, "Nilipompata kwa simu mara ya kwanza, miaka imepita, kabla sijafungua mdomo akaniambia mama alifia mikononi mwake. Nikajua ana aibu. Nikamsitiri." Kisha akalia, mzee mzima, kwa sauti, mbele ya wanawake.

Mjukuu wangu, aliyekuja kwa matanga, alikuwa amekaa karibu yangu. Nikamuuliza kwa kunong'ona, "Kwa hiyo alitudanganya miaka yote?" Akatikisa kichwa. "Hakudanganya, bibi. Alikuwa hajui kwamba anajua." Nimelala na neno hilo, nimeamka nalo, na naona yule binti ana haki. Ulimi wake ulisema kijiko. Mkono wake ulisema ufunguo. Na pepo, masikini, alisema kila kitu, peupe, mbele ya wanawake arubaini, nasi tukampa halua.

Sisi watu wa pwani hii tumelelewa kwa sitara. Jirani akikosea twamfunika, ndugu akianguka twageuza uso asijue kama tumeona. Ni jambo zuri, na bila hilo vita ingetumaliza kwa kusutana. Lakini tazameni lilivyofanya hapa. Kaka alikuwa na neno moja la kumponya dada yake, akalificha kwa mapenzi. Mimi nilikuwa na mjukuu wa kumuuliza, nikamzuia kwa ajili ya heshima. Shoga yangu amelala na mvua kitandani miaka thelathini kwa ajili ya mlango uliovunjwa siku ile ile. Angeambiwa tu, "Mamako alitoka, alikula, alicheka, na alikusamehe kabla hujamkosea," nani ajuaye? Pengine angelala mlango umefungwa, amejifunika gubigubi. Kwa hiyo nawaambia, nyote wenye ndugu mliotengana nao mwaka ule wa vita: kama unajua mwisho wa hadithi ya mtu, mwambie. Mkalishe, mshike mkono, mwambie. Akikataa kusikia, mwambie tena siku nyingine, kwa upole. Kusitiri ni mbele za watu. Wewe na yeye mkiwa peke yenu, hapo ni pa kusema.

Jana mjukuu wangu alikuwa anafunga mizigo yake arudi chuoni. Akaniambia, "Bibi, wewe wahadithia ya kila mtu. Ya huyu shoga yako, ya majirani, ya mbuzi wa kambini. Hujanihadithia hata mara moja siku mliyoondoka nyinyi hapa mjini." Nikacheka. Nikamwambia hayo hayana maana, nikaanza ya bibi mmoja aliyepanda mashua na kuku wake sita. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikata. Kisha akaacha nguo zake, akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mikono yote miwili. "Nakuahidi, bibi. Kila likizo nitakuja nikuulize. Ukicheka, nitangoja umalize kucheka, halafu nitakuuliza tena."