Siku Générose Alipofungua Tairi Lisilo na Kosa

Générose alianza ufundi na baiskeli kule Litapunga, uani kwa wazazi wake waliokuja kutoka Burundi na majembe na watoto. Pikipiki zilipojaa, akazifuata. Na magari madogo yalipoanza kuingia Mpanda kwa wingi, alimwachia mumewe Antoni shamba la mahindi, akaenda kujifunza gereji akiwa na miaka thelathini na minne, mama wa watoto watatu, wa kwanza akiitwa Arcade. Waliomcheka walikuwa wengi. Yeye alikuwa na jibu moja tu: "Chuma hakijui nani kavaa kitenge."

Siku moja Mwanaiddi, muuza vitenge wa sokoni, alimletea gari lake. Kila akikata kona lilikuwa linagonga, ka-ka-ka, kama mtu anavunja karanga chini ya miguu yake. Optatus, fundi wa jirani, alikuwa amembadilishia beringi, lakini kelele ikabaki palepale.

"Mama Arcade, nimechoka," Mwanaiddi alisema. "Kesho nina mzigo wa kupeleka Ugalla. Niambie kweli, ntafika?"

Générose hakushika spana. Aliingia kwenye gari, akalipeleka kiwanjani nyuma ya gereji, akakata usukani wote kushoto na kuzunguka taratibu. Kimya. Akaukata wote kulia, akakanyaga mafuta kidogo. Ka-ka-ka-ka! Maana yake aliijua: gari linalovutwa na tairi za mbele likikata kulia, uzito hulalia kushoto, na kiungo kinachozungusha tairi la kushoto, kama kimelika, ndipo hulia.

Lakini alipoinama kuchungulia, mpira unaofunika kiungo cha kulia ulikuwa umechanika, grisi imetapakaa hadi kwenye rimu. Wa kushoto ulikuwa mpya, unang'aa. Jicho likalishinda sikio.

"Ni huku kulia," akasema.

Alihangaika karibu saa nzima, mafundi wengine, Optatus akiwemo, wakimwangalia. Akakichomoa kiungo, akakifuta grisi, akakitikisa huku na huku. Kilikuwa kimekaza vizuri. Mpira ulichanika juzijuzi tu, mchanga ulikuwa haujawahi kuingia.

Angeweza kuweka kipya na kusema kelele itaisha yenyewe njiani, na nani angejua? Optatus alishaanza kutabasamu.

"Dada Mwanaiddi," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "nimekosea. Hiki ni kizima. Gari liliniambia kushoto, mimi nikaamini macho."

Mwanaiddi aliinama kukiangalia kile kiungo. "Haya. Sasa tunafanyaje?"

"Nafungua kushoto."

Chini ya ule mpira mpya grisi ilikuwa nyeusi, imechanganyika na mchanga. Alipoisafisha, njia za gololi zilikuwa zimechimbika kiasi cha ukucha kuzama. Kuna mtu aliwahi kuvisha mpira mpya kiungo kilichokwisha kufa. Générose alimwita Mwanaiddi, akamwekea kidole palepale.

"Umesikia?"

"Mmh! Kama jino bovu."

Kiungo kipya kilipatikana mjini, na saa kumi gari lilikuwa kiwanjani tena. Kulia, kimya. Kushoto, kimya. Mwanaiddi akataka kuendesha mwenyewe, akazunguka mara tatu huku anacheka peke yake.

Optatus alisogea wakati Générose ananawa mikono. "Mama Arcade, mimi nisingesema vile mbele za watu."

"Ungesemaje sasa? Aharibikiwe porini huko, na mzigo wake?"

Optatus alichukua kile kiungo kibovu, akakigeuzageuza, naye akaingiza ukucha kwenye yale mashimo.

Jioni ile Générose alimwambia Antoni wakiwa wanakula, "Leo nimefungua tairi lisilo na kosa."

"Na watu wakaona?"

"Wote," alisema, akamega tonge jingine la ugali kwa hamu ya mtu aliyefanya kazi kutwa nzima.