Specioza Hatoki Bukundi

Mimi na Specioza tulizaliwa mwaka mmoja hapa Bukundi, enzi ambazo nyumba isiyo na maziwa ilionewa huruma. Sasa malisho yamelimwa pamba, ng'ombe wameisha, na watu wanajivunia ugali mweupe wa sembe kana kwamba weupe unashibisha. Niliishia darasa la nne, mengine nimejisomea. Nasema ninavyoona.

Specioza alibakiwa na ng'ombe mmoja. Alimkamua kila asubuhi, maziwa yote akawapa wajukuu. Yeye alikula ugali na mlenda. Nyama aliionja misibani.

"Mtu mzima hagombanii maziwa na watoto," aliniambia. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini zamani watoto wakishiba, kibuyu kilikuwa bado kimejaa.

Mwaka jana akaanza kusema anakanyaga pamba. Tulimcheka, maana mavuno yalikwisha kitambo na ardhi ilikuwa ngumu kama jiwe. Kumbe miguu ilikuwa imekufa ganzi. Akaanza kusahau majina, kisha akaanguka kisimani. Majirani wakasema ametegewa dawa njiani. Mwanawe Danford, karani mjini Bariadi, akasema ni uzee, akili inaondoka. Atamhamishia kwake na nyumba ifungwe.

"Nyumba yangu mtaifunga nikifa," alisema Specioza. "Nipelekeni nikapimwe. Daktari akisema ni uzee tu, nitapanda gari mwenyewe."

Nilimsindikiza hadi hospitali. Daktari Goodness, mwenye umri wa wajukuu zetu, alimwamkia kwa Kisukuma, akamwita mayu, yaani mama, kisha akamuuliza anakula nini. Nilishangaa, wengi hawaulizi. Akampima damu, majibu yakatoka.

"Mayu, umepungukiwa vitamini B12. Iko kwenye nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Ikikosekana, mishipa ya fahamu inaumia, hata kumbukumbu. Na tumbo la mzee huivuta kwa taabu, ndiyo maana nakuandikia sindano."

"Kwa hiyo sikurogwa?"

"Hukurogwa."

"Wala sijawa zuzu?"

"Wala. Ila umechelewa, mayu. Ganzi nyingine huenda isiondoke."

Specioza alichomwa sindano zote. Nyumbani akaanza kujimiminia kikombe chake kabla ya wajukuu kuamka, kwa aibu kwanza, baadaye mbele yao.

Baada ya miezi minne Danford alikuja na gari. Hakubisha hodi, alianza kupakia godoro.

"Mama, tembea basi nikuone."

"Mimi si ng'ombe wa mnadani, nitembezwe watu wanikague mguu! Daktari alisema nini?"

"Alisema vitamini. Lakini ukianguka tena?"

"Nitainuka. Au nitalala kwenye udongo wa Bukundi, siyo kwenye sakafu yako ya vigae. Wewe Danford, mtoto wa pili wa baba yako Masele, uliyezaliwa mwaka wa njaa, unaona nimesahau?"

Danford alinitazama mimi, akitafuta msaada. Sikumpa.

"Shusha godoro," alisema mama yake.

Alilishusha. Specioza alimfuata hadi ndani, taratibu, mkono mmoja ukutani, akamwonyesha mahali pa kuliweka.