Na Kokoto Mdomoni Hadi Posta

Nilikwenda Dar es Salaam kwa sababu mwenyekiti wa tawi letu la chama cha wafanyakazi alikuwa amelazwa. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kiwanda chetu cha magunia, Morogoro, kilikuwa kimeuzwa, na mmiliki mpya alitaka kutupunguza karibu wote. Lazima mtu aende ofisini kwake Dar akatutetee. Katibu nilikuwa mimi, na mimi nina kigugumizi.

Ndani ya basi nilisoma kitabu changu cha wasemaji na wanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Mmoja wao, husimuliwa, alikuwa na shida kama yangu. Akatia vijiwe mdomoni, akahutubia mawimbi, mpaka Athene nzima ikanyamaza kumsikiliza. Hata leo nikimfikiria mwili unanisisimka.

Kariakoo nilifika mchana. Vijana walisimama juu ya marobota ya mitumba wakinadi mashati bila kumeza mate, nami nikaduwaa kama niko Athene yenyewe. Asha, mke wa kaka yangu, ambaye huuza vitenge hapo, alinivuta mkono.

"Shemeji, utaibiwa. Twende ukale."

Alfajiri ya kesho yake nilishuka Kivukoni, nikaosha kokoto, nikazitia mdomoni na kuihutubia bahari. Nyuma yangu mnada wa samaki ulikuwa umepamba moto. Mchuuzi mmoja akanisogelea.

"Mzee, jino hilo? Hospitali si mbali."

Niliendelea. Akasikiliza, akaweka ndoo chini.

"Hao wanaopunguzwa, wana watoto?"

Nilitema kokoto nikamjibu, na sikukwama hata neno moja.

Posta, katikati ya jiji, ofisini kwa mmiliki, nilikwama mwanzoni, kisha maneno yakafunguka. Niliwataja wenzangu kwa majina, na kazi ya kila mmoja. Hakuna aliyenikatiza. Mmiliki akavua miwani.

"Katibu, umesema vizuri sana. Lakini uamuzi umeshapita."

Njiani kurudi nilisoma ukurasa niliokuwa nikiuruka siku zote: pamoja na ufasaha wote wa yule msemaji, Athene ilishindwa vitani. Nilikifunga kitabu.

Wenzangu walikuwa getini. Niliwapa jibu. Mzee Salumu, fundi wetu wa mashine, akauliza, "Na wewe ulisemaje?"

Nikairudia hotuba yote palepale. Hakuna aliyekohoa. Jina lake lilipofika, mzee alivua kofia.

"Basi wametusikia," alisema, akaingia ndani kuchukua vitu vyake.