Deni la Mama Nukta

Ofisini walimwita Mama Nukta, maana angeweza kubishana nawe kutwa nzima kwa ajili ya nukta moja ya desimali. Alitafsiri maandishi ya dawa kutoka Kiingereza kwenda Kihispania, na kazi hiyo ina kanuni yake. Mmoja akishatafsiri, mwingine asiyeonyeshwa Kiingereza cha kwanza hukirudisha kile Kihispania kwenye Kiingereza, neno kwa neno, bila kurekebisha kitu. Kisha mwenye dawa hulinganisha. Kosa hujianika lenyewe.

Miaka sita nyuma, aliyemrudishia kazi alikuwa Papo Hapo, bwana wa kumaliza kila kitu kabla chai haijapoa. Akamchomekea kosa ambalo hakuliandika. Mama Nukta akavuliwa ukuu wa kitengo, akasukumiwa meza ya pembeni karibu na mlango wa choo. Papo Hapo akakalia kiti chake kikiwa bado na joto. Mama Nukta alijikaza kisabuni, akangoja.

Jumatatu moja, kampuni ya dawa ikamchagua yeye kurudisha karatasi ya vidonge vya moyo. Jina la mtafsiri lilifichwa, lakini ile haraka aliijua. Ukurasa wa pili, dawa ambayo siku zote hupimwa kwa mikrogramu imeandikwa miligramu. Kipimo mara elfu! Mgonjwa angekufa na maji ya kumezea mkononi.

Mchana Papo Hapo akaja na kikombe cha chai.

“Dada yangu, umeshindaje?”

“Ohoo, leo nimekuwa dada?”

“Kwenye kipimo mkono uliteleza. Wewe si unajua ni mikrogramu? Andika hivyo, yaishe.”

“Mimi naandika ninachokiona.”

“Nina watoto wanasoma, dada.”

“Wangu walikuwa wanacheza?”

Alipoondoka, Mama Nukta akaandika kosa jingine la kubuni, amrudishie kama alivyofanyiwa. Akalitazama, akacheka, akalifuta. Ya nini? La kwake lilimtosha. Akaandika miligramu, akatia sahihi, akainywa ile chai yote.

Wiki iliyofuata kitengo kilirudi kwake. Papo Hapo alimkuta kitini, hajui pa kuweka mikono.

“Umefurahi sasa?”

“Mno. Meza yako ni ile ya chooni. Na kuanzia leo, kila nitakachotafsiri utakirudisha wewe. Neno kwa neno, bwana. Nimekaa hapa nakuangalia.”