Dada Waya na barua elfu mbili zilizolala

Saa moja kasorobo asubuhi, jengo zima bado limenyamaza. Mfagiaji anapita ukumbini na ndoo yake. Jua linaingia taratibu kwa dirisha la mashariki, linatambaa juu ya meza tupu hadi kuifikia ile ya pembeni kabisa, ghorofa ya pili, ambako mwanamke wa miaka arobaini na mmoja amevua viatu, kikombe cha chai mkononi, anatazama skrini ya kompyuta kama mtu anayetazama maji yaliyotulia.

Kwenye skrini, barua zinaingia moja moja. Kila inayofika inapewa namba na mtu wa kuishughulikia, na aliyeiandika anajulishwa kwamba imefika.

“Napenda kuziona zikija,” anasema kwa sauti ya chini, kana kwamba akiongea kwa nguvu zitatoroka. “Ona hii. Huyu ameamka, hata uso hajanawa, ametuandikia. Sasa ana namba. Mwenye namba hapotei.”

Wenzake wanamwita Dada Waya. Ni fundi wa kompyuta katika kampuni inayouza na kutengeneza vifaa vya usikivu, vile vidude vidogo vinavyokaa nyuma ya sikio. Yeye ndiye aliyeunganisha mfumo wa tiketi wa dawati la msaada, ule unaoipa kila barua namba, na seva ya barua pepe ya kampuni. Ilikuwa kazi ya wiki mbili tu, na ilimtoa jasho la maisha.

Hakuanza kama fundi. Miaka kumi na moja iliyopita aliajiriwa kupokea simu, sitini hadi sabini kwa siku. Baada ya muda akaona jambo ambalo, kwa maneno yake, lilikuwa limekaa puani mwa kila mtu: wateja wa kampuni hii hawasikii vizuri, na asiyesikia hapigi simu. Anaandika.

“Simu zilipokelewa kabla hazijalia mara tatu,” anakumbuka. “Barua zilikuwa yatima.”

Zote ziliingia kwenye sanduku moja, na watu sita walikuwa na neno lake la siri. Kila mmoja aliamini mwenzake atajibu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Zilizofika mwisho wa wiki zilifunikwa na za Jumatatu, za Jumatatu zikafunikwa na za Jumanne, zikazama bila kufunguliwa.

Akaanza kujifunza kompyuta saa za chakula cha mchana, miguuni pa mlinzi wa mitambo ya kampuni, mzee mpole ambaye ofisi nzima inamwita Mzee wa Seva. Nyumbani alisoma mpaka mama yake akamwuliza, “Mwanangu, wewe na hicho kidude, mahari inaletwa lini?”

Mwaka jana, mama mmoja aliingia ofisini na binti yake wa miaka minane. Kifaa cha mtoto kilikuwa kikipiga mluzi, na alikuwa amekaa darasani muhula mzima bila kumsikia mwalimu. Mama hakupiga kelele. Aliweka karatasi saba kaunta, nakala za barua saba alizoiandikia kampuni.

“Nilidhani mmenikataa,” alisema, basi.

Meneja alizisoma akiwa amesimama. Wiki ile ile akaidhinisha mfumo wa tiketi, na Dada Waya akakabidhiwa kazi ya kuunganisha.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa na mvi. Mzee wa Seva aliilinda mitambo ile kwa miaka ishirini na minane, kwenye chumba kidogo chenye baridi kinachovuma mchana kutwa kama mtu anayeimba kwa kufunga mdomo.

“Seva yangu haiingiliwi na mgeni,” alimwambia.

“Mjomba, siji kuingia. Nakuja kubisha hodi.”

Mzee alicheka, akavuta kiti cha pili.

Siku ya kwanza seva iliukataa mfumo. Cheti cha usalama cha mfumo, kama kitambulisho chake mbele ya seva, kilikuwa kimepitwa na muda. Wakaweka kipya. Siku ya tatu barua zikaanza kuingia ila majibu hayatoki, kwa sababu seva haikumjua huyu mtumaji mpya. Mzee akamwandika kwenye orodha ya wanaoruhusiwa. Alhamisi ya wiki ya pili, wakitumia sanduku la majaribio, Dada Waya alituma barua ya neno moja kutoka kwenye simu yake: Hodi.

Wakasubiri. Feni zinavuma. Dakika ikapita, na nusu yake. Kisha mstari mmoja ukatokea: Tiketi namba moja. Hodi.

“Karibu,” Mzee aliiambia skrini, kisha akajifanya anakohoa.

Jumatatu iliyofuata, saa nne asubuhi, Dada Waya aliuelekeza mfumo kwenye sanduku lenyewe. Kitu kimoja kilimpita: hakuweka tarehe ya kuanzia. Mfumo ukashuka mpaka chini kabisa ya sanduku, ukaanza kupandisha kila barua ambayo haijawahi kufunguliwa. Arobaini. Mia tatu. Mia tisa. Na kila mwandishi, awe wa jana au wa miaka sita nyuma, akatumiwa maneno yale yale: “Tumepokea ujumbe wako. Tunaushughulikia.”

“Niliona namba zinapanda tu,” anasema. “Nilisahau hata kipanya kipo wapi. Nikaruka, nikachomoa waya ukutani.”

Jina lake la sasa alilipata hapo. Lakini maji yalikwisha kumwagika: barua 2,316 zilikuwa zimejibiwa kwa robo saa.

Meneja alitoka ofisini mwake na simu mkononi. “Umetuvua nguo hadharani,” alimwambia mbele ya watu. “Washa, futa zote, na mchana usinikute na hata moja.”

Aliuwasha mfumo baada ya kufunga njia ya majibu. Akazichagua barua zote. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta alipoona kitu kimeingia juu ya orodha. Mtu alikuwa amejibu.

“Barua hii aliiandika mume wangu miaka minne iliyopita,” ilisema. “Alingoja jibu. Amefariki mwaka juzi. Sihitaji chochote. Nimefurahi tu kuona jina lake limefika mahali.”

Dada Waya anasema hakulia pale mezani. Aliichapa karatasi, akagonga mlango wa meneja, akaiweka mbele yake. Meneja aliisoma. Akavua miwani.

“Umeshafuta?”

“Bado, bosi.”

“Basi usifute.”

Kwa wiki tisa zilizofuata, ofisi nzima ilijibu barua. Kila mtu alichukua tatu kila asubuhi kabla ya kazi yake, mhasibu kwa dereva. Anwani zaidi ya mia tisa zilikuwa zimekufa. Wengine walikuwa wamekwishapata msaada kwingine. Wapo waliokuja juu. “Sasa ndiyo mnaamka?” aliandika mmoja, na hao wote Dada Waya aliwachukua mwenyewe.

“Mwenye haki ya kukasirika mwache akasirike,” anasema. “Akimaliza, ndipo umwombe radhi. Ukimwomba katikati, unamkatiza.”

Watu 347 walikuwa bado wanangoja.

Mmoja wao alikuwa fundi cherehani mstaafu anayeishi peke yake chumba cha chini, uani kwa mwanawe. Aliandika miaka mitatu nyuma kwamba kifaa chake kimekufa. Alipokosa jibu, akaamini sikio lenyewe ndilo lililokwisha, akakizungushia kitambaa na kukifungia kwenye mkebe wa vifungo.

Dada Waya alikwenda huko akiwa na fundi wa vifaa. Kilichoharibika ni kijimrija cha plastiki, kifupi kuliko kidole gumba, kilichokauka na kupasuka. Kukibadilisha hakukuchukua muda wa kunywa maji.

Mzee wa cherehani alikivaa. Alisogea kwenye cherehani yake karibu na dirisha, akaweka mguu kwenye pedali, akakanyaga.

“Kumbe bado inalia hivi,” alisema. Akakanyaga tena, polepole. Ghafla akaacha, akainua kichwa. “Na hiyo?”

“Ipi, baba?”

“Hiyo ya nje. Laini.”

Wote wakatega sikio. Uani, shuka za jirani zilikuwa zikipigwa na upepo kwenye kamba.

“Ni nguo, baba.”

“Nguo,” alirudia mzee. Akafumba macho. “Nimeshona miaka hamsini. Hii sauti nilikuwa nayo kila siku na sikuwahi kuisikiliza.”

Walikaa pale, watu watatu, robo saa nzima, wakisikiliza shuka zikikauka. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuaga.

Leo barua inayoingia hujibiwa ndani ya saa nne. Zamani aliyebahatika alingoja siku kumi na moja. Meneja hajawahi kulizungumzia lile la kuvuliwa nguo, ila ndiye aliyeagiza tarehe ya kuanzia isiwekwe kamwe, ili hata barua ya zamani isiachwe nje.

Dada Waya, hata hivyo, hajatulia. Katika zile barua elfu mbili aliona nyingi fupi mno, maneno matatu manne yasiyoshikana. Alidhani ni uvivu wa kuandika, mpaka mwalimu wa shule ya viziwi alipomweleza kwamba wapo ambao lugha yao ya kwanza iko mikononi, na kwao kuandika ni kama kusemea shimoni.

Sasa kila Jumamosi anakwenda kwa mwalimu huyo kujifunza lugha ya alama. Si mwepesi. “Juzi nilitaka kumwambia ‘nimefurahi’, nikamwambia nimeiva,” anasema. “Alicheka mpaka akakaa chini.”

Mpango wake ni kufungua njia nyingine ya kuingilia kwenye mfumo: mteja ajirekodi kwa kamera ya simu, aongee kwa mikono, na video yenyewe iwe tiketi. Mzee wa Seva anastaafu mwezi wa sita, lakini amesema hang’oki mpaka njia hiyo ifanye kazi. Dawatini, wafanyakazi wawili wamekubali kujifunza naye.

Hataki uzinduzi wala keki. Anachotaka ni asubuhi moja akae kwenye kiti hiki, afungue tiketi, asikute hata neno moja lililoandikwa. Akute mtu tu, sebuleni kwake, ameweka simu mezani, anarudi nyuma hatua mbili ili aonekane vizuri, anainua mikono na kuanza kusema.