Sikudhani na Kipande Kilichomeza Mawimbi

Sikudhani wa Mwankoko alizaliwa nyumba ya wafugaji, akaolewa nyumba ya wakulima, na yote mawili hujivunia bila kuona haya. Msimu huu kazi yake ni kuburuta rada kwenye mashamba ya karibu na Shelui. Ni kisanduku kinachopeleka mawimbi ardhini. Yakirudi, kompyuta hukadiria udongo una unyevu kiasi gani. Fredrick, mtaalamu aliyemwajiri, alimwambia siku ya kwanza, "Dada, wewe vuta tu, mengine niachie mimi." Akavuta, lakini macho hakuyafumba.

Shambani kwa mzee Laurenti mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, kisha ikagoma. Mzee alibakiwa na debe moja tu la mbegu za alizeti, naye alingoja aonyeshwe penye unyevu azimwage hapo. Walipofika katikati ya shamba, mawimbi yakapotea kabisa.

"Maji yamejaa hapa, yameyameza mawimbi," Fredrick alisema. "Mzee, panda hapa."

Laurenti akalifuata debe lake. Nani abishane na mashine?

Sikudhani akatazama chini. Udongo ulikuwa wa kijivu, laini kama majivu, tofauti na wekundu wa pembeni. Udongo wa namna hiyo alikua akiukanyaga kila jioni.

"Shikamoo, baba. Hapa hapakuwa na zizi?"

"Marahaba, mwanangu. Palikuwa na zizi la babu yangu, miaka mingi."

Siku mbili nzima mzee alikuwa ameshinda nao shambani, wala hakuna aliyemuuliza kitu. Kuuliza si ujinga, ila wenye vyeti huchelewa kuligundua hilo.

"Basi baba, usipande kwanza." Alijua kwa neno hilo kibarua kingeweza kuota nyasi. Akamgeukia Fredrick. "Bosi, mkojo wa ng'ombe una chumvi, na wewe mwenyewe ulisema chumvi huyamaliza mawimbi. Tuchimbe tupime."

Fredrick alikunja uso, lakini jembe akalileta. Wakachimba hadi kina cha kiwiko, wakapima gramu mia za udongo, wakazikausha kwenye kikaango juu ya jiko la gesi, wakapima tena. Zikabaki tisini na sita. Maji yalikuwa gramu nne tu. Udongo wa upande wa bondeni, ambako mawimbi yalirudi vizuri, ulipoteza kumi na nane.

Mzee Laurenti alilibeba debe lake hadi bondeni. Sikudhani alimtazama akifukia mbegu za kwanza, akajiona mrefu kuliko alivyo.

Kesho yake walifika shambani kwa mama Scholastika. Fredrick akasimama ukingoni, kompyuta bado iko begani.

"Dada Sikudhani, tuanzie wapi?"

Sikudhani alikuwa ameshaenda kumwamkia mwenye shamba.